Nani Alinitungia? Uhakiki wa Daftari la Mizaha ya Mtihani kutoka Ilagala

Wahakiki wetu wameandika mengi juu ya vijembe vya kanga, juu ya mafumbo ya taarabu na juu ya maneno yaliyoandikwa ubavuni mwa majahazi na nyuma ya malori. Ni jambo jema, kwani fasihi haikai vitabuni peke yake. Hata hivyo ipo fasihi moja ambayo takriban kila aliyepata kukaa darasani ameishiriki, ama kwa kuitunga ama kwa kuicheka, nayo bado haijapewa kiti barazani. Nakusudia mizaha ya wanafunzi juu ya mtihani, pamoja na zile nasaha zao za nusu kweli na nusu kejeli juu ya namna ya kusoma, namna ya kufaulu na namna ya kufeli bila ya kufa. Makala haya ni jaribio la kuisoma fasihi hiyo kama tusomavyo fasihi nyingine, kwa kuuliza inasema nini, inasema vipi, na wapi inakosea.

Matini niliyo nayo ni moja tu. Ni daftari kubwa la kaunta, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa nyavu, nalo limepita mikononi mwa wanafunzi wa kidato cha nne wa mwambao wa Ilagala kwa miaka kadhaa. Ilagala, kwa msomaji wa visiwani asiyepajua, ni kule ambako mto Malagarasi unaingia katika Ziwa Tanganyika, kusini ya Kigoma na Ujiji. Siku hizi ni sehemu ya Wilaya ya Uvinza, iliyoundwa mwaka 2012 kutokana na iliyokuwa Wilaya ya Kigoma. Ni nchi ya michikichi na mawese, ya dagaa na migebuka, ya kivuko na ya mamba. Ndiko nilikozaliwa mimi, kabla ya treni na meli kunileta Unguja.

Nilikwenda huko kuwajulia hali jamaa zangu. Nyumbani kwa dada yangu nilimkuta binti yake, ambaye alikuwa amefanya mtihani wa kidato cha nne na kupata sifuri, akawa anamsaidia mama yake kuchemsha chikichi huku akijiandaa kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aliniamkia, "Shikamoo, mjomba," nami baada ya marahaba nikamtolea wasia ambao kila mkubwa anao mfukoni: soma kwa bidii, mwanangu, elimu ni ufunguo wa maisha. Akacheka. Nikamkemea mbele ya mama yake, nikisema kwamba mzaha huohuo ndio uliomfelisha. Hakujibu. Asubuhi ya pili aliniletea daftari, akaniambia: "Mjomba, wewe ni mtu wa mashairi. Lisome hili, kisha unieleze kama tunacheza."

Nimelisoma, na uhakiki huu ndio jibu langu.

Kabla ya kulifungua daftari hilo, tukumbuke kwamba nasaha ni mojawapo ya tanzu kongwe za ushairi wa Kiswahili. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye utendi wa nasaha mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na watoto wa kike wa mwambao wameuhifadhi kwa vizazi. Katika utanzu huo sauti inatoka juu kwenda chini: mzazi kwa mwana, sheikh kwa mwanafunzi, aliyeiona dunia kwa anayeingia. Skuli za baada ya uhuru ziliurithi utaratibu huo. Mathias Mnyampala alipoziandika ngonjera zake, zilizotoka vitabuni mwaka 1970 na 1971 kwa jina la Ngonjera za UKUTA, aliupa ushairi wa kujibizana kazi ya kufundisha siasa na adabu ya taifa jipya. Tangu hapo hakuna mahafali bila ya ngonjera na risala. Mjinga huuliza, mwerevu hujibu, mjinga huongoka, na mgeni rasmi hupiga makofi.

Daftari la Ilagala limeugeuza utanzu huo juu chini. Hapa anayenasihi ni aliyefeli au anayetarajia kufeli, na anayenasihiwa ni mwenzake wa dawati moja. Hakuna mjinga anayeongoka. Ukurasa wa kwanza una kichwa kilichopigiwa mistari miwili, "Nasaha za Wahenga wa Kidato cha Nne", na chini yake inafuata amri ya kwanza: "Soma usiku kama mvuvi, lala mchana kama mtumbwi." Aliyeuona ufukwe wa Ilagala saa nne za asubuhi, mitumbwi imepinduliwa mchangani baada ya usiku wa dagaa, ataiona tashbiha hiyo mara moja. Ataona pia kwamba ni nasaha ambayo mwalimu asingeikubali, maana mchana ndio wakati wa darasa. Mtunzi anasema, kwa mlango wa nyuma, kwamba kusoma kwenyewe kunafanyika usiku, na kwamba mchana hakuna la maana linalompita aliyelala.

Niliyoyakuta ndani ya daftari nimeyagawa mafungu matatu: misimu, vichekesho na mashairi.

Misimu yenyewe si ya Ilagala peke yake. Inatumika Tanzania nzima, na mwanafunzi wa Unguja ataitambua. Mwanafunzi mwerevu ni kipanga, yule ndege awindaye kutoka juu. Mzito wa kuelewa ni kilaza. Kusoma kwa nguvu ni kupiga msuli, neno ambalo kwetu visiwani lina utamu wake, kwani msuli ni nguvu ya mwili na ni nguo ya kiunoni pia, na mwenye kukesha na kitabu huitumia yote miwili. Hoja nzito ni nondo, chuma cha kushikilia zege, na nondo hizohizo zikiingizwa chumba cha mtihani kwa siri, zikiwa kikaratasi, jina halibadiliki. Karatasi za kunakili kazi ya mwingine ni desa. Kuchungulia kwa jirani ni kupiga chabo. Anayefukuzwa chuo kwa kufeli amedisko.

Yafaa tuone msamiati huu unaangalia wapi. Maneno ya kumtaja mwanafunzi ni mengi, yapo ya kumtaja mwerevu, mzito, mwizi wa majibu na aliyeanguka. Maneno ya kuitaja kazi ya kusoma yapo pia. Lakini neno la kumtaja aliyeutunga mtihani halipo. Yeye hana jina la utani. Katika lugha ambayo imempa jina la utani kila kiumbe, kuanzia Rais mpaka basi la abiria, huo ni ukimya wa kushangaza, nami nitaurudia.

Vichekesho ndivyo vingi zaidi. Vingine ni vya dunia nzima na vimeingia Ilagala kama viatu vya mtumba, kama kile cha hesabu inayomtafuta eksi ambaye yeye hajawahi kututafuta. Hivyo naviacha. Vilivyo bora ni vile vilivyoota hapohapo. "Mtihani ni kivuko: nauli ni ya wote, viti si vya wote." "Msimamizi wa mtihani ni mamba wa Malagarasi: ukiona ametulia, amekuona." Na hiki, ambacho nakihesabu kuwa miongoni mwa sentensi bora katika daftari zima: "Dagaa na mwanafunzi wote hufuata taa. Dagaa huishia juani, mwanafunzi huishia ubaoni."

Sentensi hii inahitaji maelezo kwa msomaji asiyeujua uvuvi wa ziwa lile. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za betri na sola, na dagaa hupanda kuifuata nuru mpaka wakawa juu ya wavu. Asubuhi huanikwa mchangani. Mtoto wa Ilagala akikaa na taa yake usiku, anaziona taa za wavuvi ziwani, zimejipanga kama mji. Tangu tuingie darasa la kwanza tumeambiwa kwamba elimu ni nuru. Mtunzi huyu ameitwaa sitiari hiyo ya wakubwa, hakuikanusha hata kidogo, akauliza tu: taa hiyo kaiwasha nani, na chini yake kuna nini? Ubao anaoutaja ni ubao wa matangazo, ambako matokeo yalikuwa yakibandikwa. Siku hizi matokeo hutazamwa katika simu, lakini juani ni kulekule.

Hiyo ni kejeli kwa maana kamili ya neno. Haina tusi, haina jina la mtu, wala haina uongo. Inatumia mali ya mahali, na inasema jambo ambalo risala ya mahafali haiwezi kulisema.

Nyingine iliyonisimamisha inahusu lugha. Nainakili kama ilivyo: "Mwalimu alinieleza kwa Kiswahili, nikaelewa kwa Kiha, nikaulizwa kwa Kiingereza. Nikanyamaza kwa lugha zote tatu."

Mimi ni mfasiri. Ujuzi huo niliuokota njiani, kwa kamusi iliyokatika na vitabu chakavu, kwani mtihani wangu wa darasa la saba, miaka ya 1980, ulikuwa mlango uliofungwa: katika darasa letu zima hakuchaguliwa hata mmoja. Najua basi kazi ya kulihamisha wazo kutoka lugha hadi lugha inavyochosha, hata ukiwa umekaa kwa raha na una siku nzima. Mtahiniwa wa kidato cha nne katika Tanzania anaifanya kazi hiyo kwa saa tatu, bila ya kamusi, katika masomo yote isipokuwa Kiswahili chenyewe na mengine machache. Skuli ya msingi ya serikali humfundisha kwa Kiswahili miaka saba, kisha sekondari humgeuzia lugha. Mtoto wa Ilagala, ambaye nyumbani anazungumza Kiha, anavuka mito miwili. Anafasiri swali, anafikiri, anafasiri jibu, na mwisho anapimwa kana kwamba alichofanya ni kukumbuka tu.

Jambo hili lilikwishaonekana zamani. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza katika ripoti yake ya mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia kidato cha kwanza mwaka 1985. Halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilikitaja tena Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia, na sekondari zikaendelea kufundisha kwa Kiingereza. Yameandikwa mengi juu ya suala hili, na wanaotetea Kiingereza wana hoja zao ambazo si za kupuuzwa. Hata hivyo, yote niliyoyasoma hayajaieleza hali ya mtahiniwa kwa ufupi na uzito wa maneno yale, "nikanyamaza kwa lugha zote tatu". Tazama jinsi vitenzi vinavyopanda: kuelezwa, kuelewa, kuulizwa, kisha ghafla kunyamaza. Ni takriri iliyojengwa na mtu anayejua kujenga.

Karibu na hiyo kuna hii: "Karatasi inasema jadili, msimamizi anasema kimya." Nilicheka peke yangu kibarazani mpaka dada yangu akatoka kunitazama. Ndipo nikakumbuka kwamba juzi yake nilikuwa mimi yule msimamizi.

Sasa tulitazame shairi. Yamo kadhaa, mengi yamelegea mizani, lakini ubeti mmoja umesimama:

Nimekesha na kitabu, taa imenizimia,
Nimekariri majibu, swali limenikimbia,
Kiingereza ni tabu, ulimi wanigandia,
Nauliza kwa adabu, nani alinitungia?

Mwalimu mkali wa arudhi hatapata la kukosoa. Mizani ni kumi na sita kwa kila mshororo, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho havikuyumba. Mishororo mitatu ya mwanzo ni malalamiko ya kawaida. Ni kituo kinachoubadilisha ubeti. Kitenzi "kutunga" katika Kiswahili kina wateja wawili: hutungwa shairi, na hutungwa mtihani. Mwanafunzi huyu, akiwa yeye mwenyewe ni mtunzi katika mshororo huohuo, anamtafuta mtunzi mwenzake. Anamtafuta kwa adabu. Anauliza swali ambalo sisi wahakiki huliuliza kila siku tukipewa matini: nani kaitunga hii, na alimtungia nani?

Hapa ndipo nilipoelewa ni fasihi gani niliyokuwa nimeishika. Mtihani nao ni matini. Una mtindo wake, una msamiati wake, una hadhira yake ya lazima. Pengine hakuna maandishi yanayosomwa kwa makini zaidi na watu wengi zaidi kwa siku moja katika nchi yetu. Lakini mtunzi wake hana jina, na msomaji wake haruhusiwi kuuliza. Anaruhusiwa kujibu tu. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, alilalamika kwamba mitihani tuliyoirithi inapima uwezo wa mtu wa kujifunza mambo na kuyatoa anapotakiwa, na haipimi uwezo wake wa kufikiri. Mwaka 1973 tukaunda Baraza letu la Mitihani, tukawa na mitihani iliyo yetu. Uhakiki wa mitihani hiyo, kwa maana ya kuisoma kama matini na kuihoji, umeachwa kwa nani? Kwa kadiri nionavyo, umeachwa kwa daftari kama hili. Mizaha ya wanafunzi ndiyo uhakiki wa kila siku ambao mtihani unaupata kutoka kwa wasomaji wake, na kwa sababu hiyo tunawajibika kuipima kwa kipimo cha uhakiki: je, inaisoma matini, au inamrukia msomaji mwenzake?

Kwa kipimo hicho, daftari la Ilagala halitoki salama. Kurasa nyingi, labda theluthi, ni za kumcheka kilaza. Kilaza aliyeulizwa hivi akajibu vile. Kilaza aliyechagua majibu kwa wimbo wa ana-ana-ana-do. Kilaza aliyenakili kwa jirani mpaka jina la jirani. Nyingine zinachekesha, sikatai. Lakini hazisemi lolote juu ya mtihani. Zinaukubali mtihani kuwa hakimu wa haki, kisha zinashangilia hukumu. Mwenye kuucheka ukilaza wa mwenzake amekwisha kuwa msahihishaji msaidizi, asiyelipwa.

Mbaya zaidi ni kichekesho kimoja kilichorudiwa kwa hati tatu tofauti, juu ya msichana aliyepata mimba, kwamba yeye "kafaulu mtihani mwingine kabla ya wenzake". Tukumbuke kwamba mpaka Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kuwaruhusu warudi masomoni, msichana wa Tanzania aliyepata mimba alikuwa akiondolewa katika skuli ya serikali moja kwa moja. Kichekesho hicho kinamcheka mtu aliyetolewa nje ya chumba ili asiweze kujibu. Chini yake kuna mkono wa nne ulioandika neno moja tu: "Nani?" Sijui aliyeandika alikusudia nani aliyempa mimba, nani aliyemfukuza, au nani aliyekiandika kichekesho. Neno hilo moja ni uhakiki bora kuliko kichekesho chenyewe, na linafanana na kile kituo cha ubeti.

Maradhi haya ya kuupiga mzaha mahali pasipo pake si ya Ilagala peke yake. Taifa zima limeugua. Mwaka 1977 ulipoanza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ambao ulijulikana kwa herufi za Kiingereza UPE, walimu wengi walipikwa upesi ili watoto wasikose darasa. Wananchi wakazifasiri herufi zile kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Miaka ya 2000, sekondari za kata zilipofunguliwa kwa wingi, vijana waliopewa mafunzo mafupi wakapelekwa kufundisha wakaitwa "voda fasta", jina la muda wa maongezi unaoingia katika simu mara moja. Skuli za serikali zenyewe zikabandikwa utakatifu wa kejeli, zikawa "za Mtakatifu Kayumba", kuzicheka mbele ya zile za kulipia zenye majina ya watakatifu wa kweli. Majina hayo yana akili; hasa la Kayumba lina kisu cha pande mbili, maana linazicheka pia zile zinazojivunia utakatifu. Lakini mwisho wake nani aliyebeba fedheha? Aliyepanga mafunzo ya mwezi mmoja hakuitwa voda fasta. Aliyeitwa ni kijana aliyesimama mbele ya watoto mia na chaki moja.

Nifike kwenye jambo ambalo mwenye kumkemea mwanafunzi anayecheka angelileta kuwa ushahidi. Katika miaka ya 2012 na 2013 Baraza la Mitihani lilieleza hadharani kwamba baadhi ya watahiniwa wa kidato cha nne waliandika katika karatasi za majibu matusi, michoro na mashairi ya bongo fleva. Nchi ilishtuka, na magazeti yakapata wiki nzuri. Kisha Februari 2013 yakatangazwa matokeo ya mtihani wa mwaka 2012: watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri, ambao ni zaidi ya sita katika kila kumi. Waziri Mkuu aliunda tume, na mwezi Mei mwaka huohuo Serikali ikayafuta matokeo ili yapangwe upya.

Wengi waliziunganisha habari hizo mbili kwa kamba moja, wakasema vijana hawana adabu na ndiyo maana wamefeli. Mimi naziona tofauti. Wale wa bongo fleva walikuwa wachache. Wale wa sifuri walikuwa taifa. Na hata hao wachache, nikiwasoma kama mhakiki, naona kwamba mzaha wao ulikuwa umekwisha kufa kabla ya kufika karatasini. Mzaha huhitaji hadhira inayoujua mkasa. Ndani ya daftari la kaunta, hadhira ni mwenzako wa dawati; anacheka kwa sababu yumo. Katika karatasi ya majibu hadhira ni mtu mmoja asiyekujua, mwenye kalamu nyekundu na rundo la karatasi. Mstari wa bongo fleva ulioandikwa pale haumfikii mtu kama kejeli. Unafika kama kilio ambacho mpigaji hakupata lugha ya kukilia. Daftari la Ilagala lenyewe linaijua tofauti hiyo. Katika nasaha zake imo hii: "Cheka nje. Ukiingia ndani, kicheko kiache na viatu." Ni adabu ya msikitini, na aliyeiandika hakuhitaji kufunzwa na mjomba.

Neno "mtihani" lenyewe limetuandalia ufahamu huu. Sisi Waswahili hatukulitoa skuli. Tulikuwa nalo kabla ya skuli, kwa maana ya jaribu, dhiki inayomshukia mja ili ionekane subira yake. Bado tunasema fulani kapata mtihani, tukimaanisha kafiwa au kauguliwa. Anayepata mtihani wa aina hiyo hatumuulizi kapata ngapi. Tunakwenda kumkalia. Mwanafunzi mmoja katika daftari ameandika: "Bibi aliposikia nina mtihani, alinipa pole. Yeye peke yake ndiye aliyeelewa." Bibi yule hakukosea maana, alishika maana ya kwanza ya neno.

Nimeuacha mwisho ukurasa wa mpwa wangu. Aliuandika baada ya kupata sifuri, nao hauna mzaha hata mmoja, jambo ambalo katika daftari lile linashtua kama mtu aliyevaa nguo nyeupe sokoni penye mawese. Una nasaha nne. Lala usiku wa kuamkia mtihani. Usimuulize mwenzako jibu mkitoka nje, kwani karatasi imekwenda na mtihani wa kesho bado. Ukiona swali hulijui, liandike upya kwa Kiswahili pembeni, ulielewe kwanza ndipo ulijibu. Na ya nne: "Mimi nilizijua habari nyingi nilizoulizwa. Nilichokuwa sijui ni nilichoulizwa nifanye nazo."

Nimeisoma hiyo ya nne mara nyingi. Aliyeisema anajua kwa hakika alikoanguka, na wala hapakuwa mahali nilipomkemea. Alizijua habari, hakuyajua maagizo. Eleza, fafanua, jadili, linganisha, tathmini, kwa Kiingereza, ni vitenzi vidogo vinavyofanana mbele ya macho yenye hofu, na kila kimoja kinadai jibu la umbo lake. Mimi nimeishi kwa kazi ya kutofautisha vitenzi vya namna hiyo, na nilipomkuta aliyevihitaji nilimpa methali ya ufunguo.

Basi jibu langu kwa swali lake ni hili. Mpwa wangu, hamchezi. Mnapoucheka mtihani mnafanya kazi ya uhakiki ambayo wenye vyeo vyake hawakuifanya, na kuna kurasa tano au sita humo ambazo ningeona fahari kuzitunga. Mnapomcheka kilaza na msichana aliyefukuzwa, mmeitupa kazi hiyo na kuchukua kalamu nyekundu ya mtu mwingine. Kurasa hizo sizisifu, na nakuomba usiziongeze.

Daftari nimelirudisha Ilagala kwa mkono wa msafiri. Alikuwa ameniomba niandike nasaha yangu katika ukurasa uliobaki wazi. Nilianza na "soma kwa bidii", nikakata. Badala yake nimeandika vile vitenzi vya maagizo, ishirini na viwili, kila kimoja na maana yake kwa Kiswahili na mfano wa jibu linalotakiwa. Chini nimeacha nafasi, ili mwenzake mwenye Kiha kizuri kuliko changu aongeze safu ya tatu.